Nilimfundisha Bibi Sheria ya Makampuni, Sasa Anataka Kumng'oa Baba Mkubwa

Mpendwa Shangazi Eulalie,

Nisaidie tafadhali kabla Jumamosi haijafika, maana nimeuwasha moto nyumbani kwetu kwa mdomo wangu mwenyewe na sijui nitauzima vipi, na ukiichapisha barua hii naomba ubadilishe majina.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini, niko mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea uhasibu, na kwa hesabu sijambo, nikipewa mizania isiyolingana siinuki mpaka ilingane, lakini muhula huu tukaletewa somo la sheria ya makampuni na hapo ndipo niliposhikwa, kwa sababu namba hakuna, ni maneno tu, na mwalimu wetu Bwana Quamina siku ya kwanza aliingia na kutuambia kampuni ni mtu, ina jina lake na mali yake, inashtaki na kushtakiwa, hata ukiianzisha wewe kampuni si wewe, nikatoka nimeduwaa na jaribio la kwanza nikafeli. Halafu, sijui ilikuwaje, nikaanza kulipenda, kwa sababu niligundua kila kesi anayotusimulia ni watu kama wa kwetu, ndugu wawili na mashine moja, mjane na mashemeji zake, wanagombana mpaka jaji anaingilia, na mimi kwa ugomvi wa ndugu nina uzoefu.

Kwetu ni mji wa Penal, na familia yetu ina kampuni ya kutengeneza pilipili ya chupa na achari ya maembe. Aliyeianzisha ni bibi yangu, mama mzazi wa baba, tunamwita Aji, alianza na sufuria moja jikoni baada ya babu kufariki, na mpaka leo zaidi ya nusu ya hisa ni zake. Wakurugenzi ni watatu, Aji, Baba Mkubwa Deonarine, na baba yangu ambaye kazi yake kwenye vikao ni kuitikia. Kila chungu kikiiva Aji ndiye anayeonja, na asiposema "hiyo sasa," hakuna chupa inayojazwa.

Basi Jumapili moja tuko mezani kwa Baba Mkubwa, tunakula dhalpuri, ule mkate wa kujazwa dengu, na mchuzi wa mbuzi, akaweka glasi chini, akasema, "Kuanzia kesho Mama anapumzika. Mimi na ndugu yangu tumekaa, tumemwondoa kwenye ukurugenzi. Na kiwandani asije tena. Umri umekwenda."

Baba yangu akawa anaangalia sahani yake. Aji aliendelea kuchana mkate wake vipande vidogo vidogo, na mimi, Shangazi, mdomo umejaa chakula, nikasikia sauti yangu inasema, "Lakini Baba Mkubwa, hiyo haipo. Wakurugenzi hawamwondoi mwenzao. Wanaoondoa ni wenye hisa, na mpaka uitishwe mkutano, na kila mtu apewe taarifa mapema."

"Wewe nani kakuuliza?"

"Mwache aseme," Aji akamkata. "Ehe, mjukuu wangu. Wenye hisa ndio wanaoondoa?"

"Ndiyo, Aji."

"Na hapa mwenye hisa nyingi ni nani?"

"Ni wewe, Aji."

"Kumbe!" Akainua kijiko, akakielekeza kwa mwanawe. "Basi na huyu naweza kumng'oa?"

Binamu yangu Rishma, binti wa Baba Mkubwa, alicheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Aji ameitisha mkutano, taarifa zimeshapelekwa kwa kila mwenye hisa, tena kwa muda niliomtajia mimi, ajenda ni kumwondoa Baba Mkubwa na kuniweka mimi kwenye kiti chake. Nilipomwambia Aji jamani, mimi bado mwanafunzi, alinipapasa shavu akasema, "Humu ndani mwenye akili ni wewe tu."

Mkutano ni Jumamosi na mtihani wa somo hilo hilo ni Alhamisi. Rishma, tuliyekua naye kama mapacha, ameniambia, "Nenda kamfukuze baba wa mtu mwingine," na tangu hapo hanisemeshi. Baba anasema, "Umeuwasha wewe, uzime wewe." Na Baba Mkubwa mwenyewe, aliyenifundisha kuendesha gari kwa kutumia gari la kiwanda na nilipogonga lango akasema kagonga yeye, sasa tukikutana anavua kofia na kunyenyekea, "Shikamoo, mheshimiwa jaji," halafu anapita.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ile mezani sikusema kwa ajili ya haki. Nilisema kwa sababu nilikuwa nalijua jibu, na baada ya kufeli lile jaribio nilitaka mtu anione. Na kile kiti, Shangazi, nakitamani. Nikiwa peke yangu najiita Mkurugenzi mbele ya kioo. Je, nikikubali nitakuwa mbaya? Nikikataa, si nitakuwa nimemwacha Aji peke yake?

Mwenye Mdomo, Penal

SHANGAZI EULALIE ANAJIBU:

Mwenye Mdomo, majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, ingawa kwa jinsi ulivyosimulia, Penal nzima imeshakujua.

Nianze na kukupoza. Kusema hukukosea. Mwanamke kafanya kazi kwenye mvuke wa pilipili maisha yake yote, halafu anaondolewa kati ya mchuzi na maji ya kunawa, mbele ya wajukuu! Hata mimi nisiyesoma sheria ningetema tonge. Na kujiita Mkurugenzi mbele ya kioo si dhambi, ni ujana. Kioo kinayavumilia makubwa kuliko hayo.

Sasa sikiliza. Umemfundisha bibi yako nusu ya somo. Umemwambia anachoweza kufanya, ukaishia hapo. Mbona hukumfikisha kwenye sura inayosema mkurugenzi anatakiwa kuangalia faida ya kampuni, si hasira zake? Na wewe mwenyewe sura ya mgongano wa maslahi umeiruka? Mtu anayemshauri bibi amwondoe fulani, kisha akakalia kiti cha fulani huyo kikiwa bado cha moto, Bwana Quamina angemwitaje? Hicho kiti ukikatae. Kitamani ukipenda, lakini kikatae, na umwambie Aji leo, si Ijumaa jioni. Kama anataka sheria, aende kwa wakili. Wewe umefeli jaribio, umesema mwenyewe.

La pili ndilo lililonikera. Barua yako nimeisoma mara mbili, natafuta mahali ulipomuuliza baba yako mkubwa kwa nini. Sijapaona! Mtu aliyebeba lawama ya lango kwa ajili yako, ghafla anakuwa jambazi wa mama yake, na wewe mwenye akili nyumba nzima hushangai? Nenda kiwandani asubuhi, mkamate akiwa peke yake. Usibebe vitabu wala usivae uso wa hakimu. Mwambie, "Baba Mkubwa, samahani kwa kukujibu mezani. Niambie, kulikuwa na nini?" Halafu ule mdomo uliokupa jina, ufunge mpaka amalize.

Kwa Rishma usitume ujumbe kwa simu. Nenda na miguu yako, akikufungia mlango kaa kizingitini. Na ukitoka huko, kasome. Ni aibu kuivuruga familia kwa somo halafu ukalifeli.

MWENYE MDOMO AMETUANDIKIA TENA, NA TUNAICHAPISHA KWA RUHUSA YA NYUMBA NZIMA:

Shangazi, kiti nilikikataa, nikamwambia Aji siku ile ile, na kiwandani nilikwenda. Nilimkuta Baba Mkubwa anapanga masanduku, akaanza, "Shikamoo, mheshimiwa," nikamwambia, "Baba Mkubwa, basi. Nisamehe. Kulikuwa na nini?" Aliendelea na masanduku yake. Kisha akakaa juu ya moja.

"Mama haonji tena," akasema.

Sikumwelewa.

"Ulimi wake umekufa. Tangu alipougua homa. Anaweka kwenye kijiko, anasema 'hiyo sasa,' na ni chumvi tupu. Maduka yanarudisha. Nimekuwa nikivimwaga vyungu vyake akishaondoka, napika upya mwenyewe." Akajifuta uso kwa kofia. "Ningesemaje mezani? Kwamba Aji wa pilipili hajui tena ladha ya pilipili? Bora mniite mwizi."

Nililia pale pale, naye akanisukuma bega, "Acha, utaharibu maboksi." Nilimsihi akamwambie Aji mwenyewe kabla ya mkutano. Aliogopa, Shangazi, mwanaume mzima mwenye mvi, lakini alikwenda. Walijifungia chumbani kwa Aji, sisi tuko nje, Rishma ameng'ang'ania mkono wangu amesahau kwamba hatusemeshani. Tulimsikia Aji anasema kwa sauti, "Unadhani mimi sijui? Ulimi ni wangu!" Kisha wanalia wote wawili. Kumbe Aji alikuwa anajua tangu mwanzo, alikuwa anaogopa kwamba akisema, hatakuwa na sababu ya kuamka asubuhi.

Mtihani nilifanya. Swali la tatu lilihusu kumwondoa mkurugenzi, nikacheka mpaka msimamizi akaja kusimama karibu yangu. Matokeo bado, ila lile swali nililijibu kwa kurasa nne.

Jumamosi tulidhani mkutano umekufa. Aji akakataa, taarifa zimeshatoka, lazima ufanyike. Alivaa sari yake ya harusi za watu, akakaa kiti cha mwenyekiti, akanitaka niandike kumbukumbu za mkutano.

"Ajenda ni kumwondoa mkurugenzi," akasema. "Mkurugenzi mwenyewe ni mimi."

Baba yangu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuitikia. Alisema, "Mama, si unajiuzulu tu? Andika, tia saini, yameisha."

"Huyu mtoto kasema wanaoondoa ni wenye hisa. Mimi nina hisa." Akanyoosha mkono juu, akajipigia kura, akaangalia kila mmoja wetu mpaka mikono yote ikapanda, wa mwisho akiwa Baba Mkubwa. Kisha akapendekeza Rishma awe ndiye anayeonja, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa akilamba vijiko, na yeye Aji atakuwa anakwenda kila asubuhi kumfundisha kwa rangi na kwa harufu, maana pua yake bado nzima. Hapo Baba Mkubwa akauliza kwa upole kama kila asubuhi si nyingi mno, kwa umri wake.

"Deonarine," Aji akamwambia, "nimeacha kiti. Hisa sijaacha."