Barafu kwenye Chupa ya Chai

Shangazi mpendwa, nisaidie maana sina pa kushika, naandika mtoto ananyonya, hataki kulala na mimi silali. Mume wangu, fundi makochi, ana saratani ya damu, dawa zote za mwanzo zimegonga mwamba, ndipo madaktari wakamwingiza kwenye majaribio ya tiba mpya, walitoa chembe zake za kinga, wakazibadilisha maabara ziitambue saratani na kuipiga, kisha wakamrudishia kwenye mshipa, na walituambia wazi kwamba waliopewa bado ni wachache na hawaahidi kitu. Sasa mgonjwa wa kitanda cha jirani alipandwa na homa, akahamishiwa chumba cha mahututi, hajarudi, na mume wangu amejiwekea kichwani kwamba mwenye homa anafukuzwa kwenye majaribio. Juzi homa ikamshika yeye. Akaninong'oneza, "Mama watoto, niletee barafu," nikaleta, kwenye chupa ya chai ili walinzi wasiulize, anaimung'unya kabla ya kutiwa kipimajoto mdomoni, muuguzi anasema, "Fundi, leo umepoa kama maji ya mtungi," wanacheka, nami nacheka huku nafunika chupa. Jana alimwita binti yetu kwa jina la marehemu wifi yangu, nadhani ni uchovu. Ananiambia, "Ukisema, umenizika." Je, nikisema nitakuwa nimemsaliti?

Mke wa Fundi

Mke wa Fundi,

Barua yako sikuipanga foleni. Nilikupigia, hukupokea, nikakutumia ujumbe, ukajibu, "Ngoja alale kwanza." Nani, mtoto au mume? Mtoto mbebe hivyo hivyo, nenda hospitali.

Pole, mwanangu, umebeba mengi. Lakini barafu inapoza ulimi, haipozi damu. Homa baada ya tiba hiyo madaktari wanaitarajia, na dawa ya kuituliza wanayo, sharti waione mapema. Kuhamishiwa mahututi si kufukuzwa, ni kuangaliwa kwa karibu zaidi. Na hilo jina la marehemu ulilolipitisha mbio ndilo lililoninyanyua kitini. Kuchanganyikiwa nako ni dalili, na haingoji kesho.

Tena hayo ni majaribio. Wa kitanda kinachofuata atapimiwa dozi kwa mliyoyasema nyinyi. Mkidanganya, mnamdanganya naye.

Mficha maradhi unamjua, sikurudii. Mwite muuguzi, mwonyeshe chupa, taja homa na lile jina, mbele ya mumeo, usimzunguke. Atanuna. Mwache anune, mwanangu. Anayenuna anapumua.