Habari ya Ukutani na Mguu wa Soksi Mbili

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kama inawezekana unijibu kabla ya Jumamosi, maana hapa nilipo nimeficha mguu.

Mimi ni beki wa kushoto, huu ni mwaka wangu wa kwanza kulipwa kwa kucheza mpira, na siku niliposajiliwa gazeti liliandika dau kubwa, baba yangu ambaye ni fundi cherehani akaikata ile habari akaibandika ukutani juu ya cherehani yake, kila mteja akija anasomewa, lakini mshauri ile pesa ililipwa klabu yangu ya zamani, mimi nilipewa fedha kidogo ya kusaini, nayo imegawanywa mafungu matatu na nimeona moja tu, na mshahara wa sisi tunaoanza ni mdogo, kinachotuinua ni posho ya mechi, anayecheza anapata nzima, wa benchi nusu, wa jukwaani anapata jua. Nilikwenda nyumbani nimweleze baba ukweli, nikamkuta na majirani ananiita tajiri wake, nikacheka nao, hapo ndipo nilipokosea, na tangu siku ile natuma nyumbani karibu kila ninachopata ili ile habari ya ukutani isionekane uongo. Sasa wiki tatu zilizopita kifundo cha mguu kilivimba mazoezini, sijamwambia daktari wa timu, najifunga bandeji chooni wenzangu wasione halafu navaa soksi mbili, nimecheza mechi mbili hivyo hivyo, kiatu nakivua kwa machozi, na juzi dada yangu kanipigia kuniambia baba amewarudishia wateja vitambaa vyao, amesema macho yamechoka na mwanawe yupo, na cherehani anaitafutia mnunuzi. Nikisema naumwa nakosa posho, nikinyamaza sijui mguu utanifikisha wapi. Nifanye nini?

Beki wa Soksi Mbili

Mwanangu, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili kifundo kimeniuma mimi.

Kulipwa kidogo si kosa lako, wala si aibu. Wengi wanaoanza kazi yenu huanzia hapo hapo, na wengi hukaa kimya kama wewe. Kosa lako ni kuliachia gazeti liseme na baba yako, kisha ukaanza kulilipia gazeti deni lake kwa mguu wako. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe unayaficha kwa soksi, tena unakimbia nayo dakika tisini! Hebu acha.

Jumamosi huchezi. Leo hii, si kesho, nenda kwa daktari wa timu, vua soksi zote mbili mbele yake na umwambie ni wiki tatu. Atafoka, mwache afoke. Halafu itafute nakala ya mkataba wako, maana sioni popote ulipoandika kwamba umeusoma. Kama maneno yake yanakuchanganya, mpelekee mtu wa chama cha wachezaji akusomee: mchezaji akiumia kazini analipwa nini, na anatakiwa kutoa taarifa lini. Nahofia ukimya wako unakunyima haki ambayo hata huijui. Na yale mafungu mawili yaliyobaki uyaulizie kwa maandishi.

Kwa baba nenda mwenyewe, usimpigie simu. Chagua saa ambayo hana mgeni, umwekee karatasi ya mshahara juu ya meza ya kukatia, useme, "Baba, hiki ndicho ninachopata." Ninajua unaogopa atavunjika moyo. Lakini huyo mzee maisha yake yote amewaambia wateja kwamba kitambaa walicholeta hakitoshi suti wanayoitaka, na bado akakaa akawatafutia cha kushona. Atakuelewa kuliko mimi.

Ila wahi, kabla cherehani haijapata mnunuzi.