Kwingi wa Nini

Alhamisi, 8 Mei

Biolojia, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, kama ratiba inavyosema. Sura ya usafirishaji, mara ya nne. Vichwa kwa kalamu nyekundu, maana kwa bluu. Kila dhana naitungia sentensi moja fupi ya Kiswahili, naikariri pamoja na Kiingereza chake. Osmosisi: maji hutoka kwingi kwenda kuchache. Nimechora mshale wa maji ukitoka upande wenye chumvi, maana huko ndiko kwingi.

Rafiki yangu Kabula, tunayesoma darasa moja, amenakili yote. Kwao ni Namawala, baba yake ana ng'ombe. Hapa Ifakara anakaa kwa shangazi yake. Anataka kuwa daktari wa mifugo. Madamu wa Biolojia ametangaza: atakayepata chini ya C kwenye mtihani wa Jumanne, anaondoka mkondo wa sayansi.

"Mpogoro, usinipoteze njia," kaniambia.

"Msukuma, wewe kariri tu."

Jumamosi, 10 Mei

Asubuhi mama alinunua perege. Tukawapasua, tukawapaka chumvi kwenye beseni ili tuwaanike. Baada ya kufagia uwanja nikarudi. Beseni lina maji. Hatukutia maji.

Yametoka ndani ya samaki, yameifuata chumvi.

Nimefungua kitabu. Kitabu kiko upande wa samaki. Wingi unaosemwa ni wa maji, si wa chumvi. Mshale wangu umegeuka.

Nimefuta, nimechora upya kwa rula. Kwa shangazi yake Kabula ni dakika kumi kwa miguu. Sikwenda. Nitamwambia Jumatatu.

Jumatatu, 12 Mei

Sikumwambia.

Alinisubiri getini na wenzetu wanne. Akakariri sura nzima mbele yao bila kukosa neno. Kosa langu pia, bila kukosa neno. "Mwalimu wangu huyu hapa!" Wote wakanigeukia. Nikasema, vizuri.

Niliogopa wangenicheka. Basi. Nimetafuta sababu iliyo bora kuliko hiyo, sijaipata.

Jumanne, 13 Mei

Swali la nne. Vipande vya muhogo mbichi vimetiwa kwenye maji ya chumvi nyingi. Eleza kitakachotokea, na kwa nini.

Nje Kabula alinirukia shingoni. "Nimeandika vinavimba! Kutoka kwingi kwenda kuchache!"

Nikamwambia nina njaa.

Ijumaa, 16 Mei

Mimi B. Kabula D.

Madamu alisoma jibu la muhogo uliovimba, hakutaja jina. Darasa likacheka. "Huo muhogo wa wapi huo, nasi tukaulime?" Kabula hakumtazama aliyesema. Alitazama daftari langu.

Jumatatu anahamia mkondo wa sanaa. Ugali sikuumaliza. Mama kauliza kama nina malaria. Ningefurahi ingekuwa malaria.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda. Shikamoo kwa shangazi, ambaye alinikaribisha kwa furaha. Hiyo iliniuma kuliko kugombezwa.

Nikampa Kabula daftari. Pale nilipofuta karatasi imechakaa, na mshale wa zamani bado unaonekana chini ya mpya. Nikamwambia ni lini nilijua.

Aliuliza jambo moja. "Pale getini, ulikuwa unajua?"

Ndiyo.

Akaingia ndani. Daftari alibaki nalo.

Jumatatu, 19 Mei

Nimemweleza Madamu kabla ya paredi. Nilitaka anigombeze. Akaniuliza tu: "Kabla ya hao samaki, ningekuuliza kwingi wa nini, ungenijibu?"

Nisingejibu. Nilikuwa na rangi mbili na ratiba, na nisingejibu.

Alama hazibadiliki. Lakini Alhamisi atamhoji Kabula kwa mdomo. Akieleza kwa maneno yake mwenyewe, atabaki sayansi. Nimemtumia Kabula habari kwa karatasi.

Alhamisi, 22 Mei

Kabula amebaki. Nimesikia kwa wengine. Wanasema alikwenda na muhogo wake na chumvi yake, akaukata vipande mezani kwa Madamu, akavitia chumvi, akasubiri navyo kipindi kizima. Kisha akakikunja kimoja kama mkanda. "Umelegea. Maji yake yamefuata chumvi." Hakutumia sentensi yangu hata moja.

Sasa anakaa karibu na dirisha. Daftari limenifikia kupitia mikono ya watu watatu.

Nimelifungua nyumbani. Pembeni ya kila sentensi yangu fupi ameandika kwa penseli. Kwingi wa nini? Nguvu ya nini? Imejulikanaje? Kwa nini si kinyume? Kurasa zote, mpaka ya mwisho. Nilitafuta tusi. Hakuna.

Saa kumi. Kalamu nyekundu na ya bluu nimeziweka kando. Nimechukua penseli, nimeanza ukurasa wa kwanza.

Jibu la swali lake la kwanza silijui.