Joto la Nyumba ya Aili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Kaka aliniambia umeanza tena kwenda shamba mwenyewe. Nilifurahi, halafu nikaogopa. Na mvua zimefika huko Guta, au mawingu bado yanawapita tu? Mimi ni mzima. Barua hii anakuja nayo mwenzetu wa Musoma anayerudi likizo. Nimeona nikuandikie kwa utulivu, maana kwenye simu ukisikia tu neno baridi unaanza kulia, na mimi nashindwa kueleza.

Huku Ufini, mama, ukitoka nje vinyweleo vya puani vinashikana. Nguo niliyoanika nje iliganda ikasimama yenyewe kama bati. Jua halichomozi kabisa. Panakuwa na mwanga kidogo mchana, halafu giza linarudi.

Nilikwambiaga kwamba nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane, anaitwa Aili. Nyumba yake ni ya mbao, na katikati kuna jiko la matofali lililopanda mpaka darini. Si la kupikia, ni la kupasha nyumba joto. Unachoma kuni asubuhi na jioni, matofali yanashika moto, kisha yanautoa polepole. Aili alikuwaga analiwasha mwenyewe, mimi hata kuni hakuniachia nipange.

Sasa mwanzoni mwa baridi kali aliteleza kwenye barafu mlangoni, akavunjika nyonga. Wakati wanampakia kwenye gari la wagonjwa alinishika mkono wa koti. "Nyangeta, usiache nyumba ipoe. Ikipoa, maji yataganda kwenye mabomba, yatapasuka, na Juhani ataifunga." Juhani ni mwanawe, anaishi mji mkuu. Siku nyingi anataka mama yake ahame akae karibu naye.

Nikajiambia, moto nao wa kufundishwa? Mimi niliyekulia kwenye mafiga? Asubuhi yake nikawasha, kuni zikashika vizuri. Nilikuwa nimemwona Aili akisukuma kifuniko cha chuma kinachoziba bomba la moshi, ili joto lisitoroke juu. Na mimi nikakisukuma, nikakaa kunywa chai. Haukupita muda kichwa kikaanza kugonga, miguu ikalegea, nikataka kutapika. Hapo nikamkumbuka yule jirani wa Manyamanyama aliyelala na jiko la mkaa chumbani asiamke. Nilitambaa mpaka mlangoni, nikaufungua, nikakaa kwenye ngazi na soksi tu, upepo unanikata, mpaka akili ikarudi. Ndipo nikafungua kile kifuniko na madirisha yote. Joto lote likaondoka.

Nikampigia Aili hospitali.

"Uliona mwali wa bluu juu ya makaa?" akauliza.

"Niliuona."

"Bluu ikiwepo, hufungi. Subiri makaa yabaki mekundu tu, yachochee, uangalie tena. Ukiona bluu imekwisha kabisa, ndipo ufunge." Kisha akaongeza: "Kama unataka kuhama, hama. Nyumba ni mbao tu. Wewe una mama."

Mama, nililia. Mwenzangu wa kazini alikuwa na nafasi kwake mjini, kwenye ghorofa ambalo joto linakuja lenyewe ukutani. Nikalifikiria sana jambo hilo. Kisha nikaenda bandani kuchukua kuni nyingine.

Basi ikawa hivyo. Naamka, nawasha, nangoja makaa, nafunga, nakwenda kazini kutunza wazee. Nikirudi napasua kuni, naziburuta kwenye theluji, nawasha tena. Wiki ile baridi ilipozidi, mbao za ukutani zilikuwa zinalia kama risasi. Nilihamishia godoro karibu na jiko. Jioni moja bomba la jikoni likaacha kutoa maji. Nilichovya matambara kwenye maji moto, nikayazungushia bomba, yakipoa nabadilisha, mikono imewiva, mpaka likakohoa na maji yakatoka. Nilikaa chini sakafuni nikacheka peke yangu.

Kisha Juhani akaja na mkoba wa spana. "Nimekuja kutoa maji kwenye mabomba na kufunga nyumba," akasema kwa upole. Nikampa chai. Akavua koti, baadaye akavua na sweta. Akafungua bomba, maji yakatoka. Akaegemea jiko.

"Kwa nini unajisumbua hivi? Yeye si mama yako."

"Najua," nikamwambia. "Mama yangu yuko Guta. Mimi sipo, na mke wa kaka yangu ndiye anamchotea maji."

Kesho yake spana hazikutoka mkobani. Alipasua kuni mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Aili amerudi nyumbani, anatembelea kigari cha kujishikilia. Siku ile Juhani alisimama mlangoni anahangaika na mizigo, bibi akageuka akamwambia, "Funga mlango. Unampotezea Nyangeta joto lake."

Kwa hiyo mwambie baba mdogo, aliyesema baridi itanirudisha, asiwe na wasiwasi, sirudi kwa kushindwa. Nitakuja kuwaona nikipata likizo. Nisalimie kaka na wifi yangu, Mungu ambariki kwa anavyokutunza. Shangazi wa Mwigobero mwambie dagaa alionitumia, Aili mwanzoni aliwaogopa macho, sasa anawatafuna kama karanga.

Yeye pia anakusalimu. Nimemfundisha kusema shikamoo, anasema "sikamo". Nikamweleza kwamba yeye ndiye mkubwa, wewe ndiye wa kumwamkia. Amekataa. Anasema mama wa mtoto aliyebaki kuilinda nyumba ya Aili ndiye wa kuamkiwa.

Basi ipokee, mama.

Ni mimi binti yako,
Nyangeta