Mwanandani

Baba yangu mpenzi,

Yapo maneno aliyoniambia Baba Mdogo jioni ya maziko yako, na mpaka leo sijamwambia mtu. Nakuandikia wewe kwa kuwa yalikupata wewe.

Unakumbuka mwalimu alipotutaka kila mmoja apeleke neno la mahali padogo palipojificha? Wenzangu walikwisha kuchukua uvungu na uchochoro. Nikakufuata karakanani Keko, ukiwa unapiga randa mbao za maziko. Ukasema bila kuinua kichwa, "Mpelekee mwanandani."

Fundi Saidi, rafiki yako, akaangua kicheko. "Mtoto umpeleke shule na kaburi mdomoni! Huyu kwa kupenda maneno, akiolewa atamuuliza mumewe asili ya neno ugali."

Niliona haya, lakini nikauliza neno limetoka wapi. Ukanieleza ulivyosikia kwa bibi: kaburi ni shimo kubwa, na ubavuni mwake huchimbwa shimo dogo la kumlaza maiti. Hilo dogo ni mwana aliye ndani ya mama yake. Mbao huegemezwa mlangoni mwake, ndipo wafukie.

"Mchanga usimguse mtu," ulisema. "Kazi yangu yote ni hiyo."

Nililisema darasani chini ya picha ya Mfalme wa Waingereza. Hakuna aliyecheka.

Kisha kikohozi kikakuchukua, katikati ya masika. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, wanaume wakakupeleka makaburini Mtoni. Waliporudi, kanzu ya Baba Mdogo ilikuwa matope mpaka kifuani. Nilimpelekea maji ya kunawa uani, nikamuuliza kama mbao zilitosha.

"Hazikuwahi, mwanangu. Mchanga ulikuwa umelowa. Tumemlaza tu, ukuta wa mwanandani ukaporomoka. Nikamfukua uso kwa mikono hii, mchanga ukamwagika tena. Mama yako asijue."

Baba, nikifumba macho nausikia mchanga ule puani mwangu. Niko darasani, niko jikoni, upo tu. Neno nililolipenda vile siwezi kulitamka tena.

Mama alikuwa ameketi mkekani ananingoja. "Shemeji amesemaje? Mchanga haukumgusa?"

"Haukumgusa, mama. Mbao zimeenea."

Akashusha pumzi, akaomba chai. Tangu ulipozidiwa hakuwa ametia kitu kinywani. Nikamchemshia, nikakaa karibu naye, nikamshikia kikombe mpaka akamaliza.

Nakuombea nafasi huko uliko, baba.

Binti yako