Nyumba Uliyoiita Mtaji Mfu

Maskati, Ijumaa baada ya sala

Salim,

Huna haya. Juzi uliponiamkia shikamoo nilikata simu, na hiyo marahaba bado nnayo, utaipata ukiistahiki. Lakini mjukuu ni mjukuu. Hujambo? Mkeo hajambo? Kifua cha mtoto kimetulia?

Sisi huku tunapumua. Magoti yananiuma kwa baridi la hizi mashine za kupoza nyumba. Shangazi yako Asya haongei siku hizi, mumewe kapunguzwa kazi. Ofisini wamemwambia uchumi ndio ulioamua. Kila asubuhi anavaa kanzu, anaaga, anakwenda kukaa ndani ya gari mpaka adhuhuri, majirani wasijue. Na mimi najifanya sijui.

Sasa wewe. Bi Zuhura kanipigia, analia. Kasema ulikuja na mtu anayetaka kufanya hoteli, mkapima kuta, ukamwambia nyumba hii ni mtaji mfu. "Nikamwambia, baba, mimi nimo ndani, ungengoja basi na mimi nife." Ukacheka, ukamwitia gari.

Nyumba ile ni wakfu, Salim! Bibi yangu aliiweka kwa ajili ya wajane wasio na pa kwenda. Haiuzwi, hairithiwi. Funguo tulikupa uzibe dari likivuja, basi.

Na usinambie umesoma uchumi. Waliosoma nnawajua. Baada ya Mapinduzi walikuja wakasema faida ni unyonyaji. Duka la babu yako pale Darajani likawa la serikali, naye akapanga foleni ya mchele kwenye mlango aliokuwa akiufungua mwenyewe. Hakuishi sana. Wakaja wengine, wakasema wale walikosea, kila mtu ajitafutie, soko litapanga. Mama yako akaenda hospitali kujifungua mdogo wako na glavu zake mkobani, kila kitu tununue nje, na usiku ule nje kumefungwa. Unajua alivyorudishwa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja kutupa pole. Walikuja na kitabu kingine.

Aliyemkosha mama yako kabla ya kuzikwa ni huyo huyo uliyemwitia gari. Sasa yuko Fuoni, analala ukumbini kwa mpwa wake, watoto wanamruka, na kila sala anauliza kibla kiko wapi.

Nisalimie ami yako Khamis, na muadhini, na mwalimu wako wa chuoni aliyekusomesha Qur'ani, kama bado unaweza kumtazama usoni. Mkeo mwambie namwombea dua. Ana kazi kubwa.

Ni mimi bibi yako, Rukia, nimeandika kwa mkono wangu, hati mbaya isome hivyo hivyo. Ukimaliza, nenda Fuoni. Kitanda cha Bi Zuhura kibebe mwenyewe begani, mchana, upite nacho mbele ya baraza watu wakuone. Akishaingia chumbani mwake, anipigie yeye. Si wewe.