Mama Anataka Nipige Kelele Ndani ya Figo

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamwaibisha mama yangu au kuidanganya sayansi, maana njia ya tatu siioni.

Siku ya wazazi darasa letu litaigiza figo, tutajipanga kwenye korido kama seli za mrija unaotengeneza mkojo, na vipande vya chaki ndivyo kalsiamu, vitasukumwa kwa ufagio, na seli yenye pampu itaokota chaki, itapaza sauti "Rudi kwenye damu!" na kuitupa dirishani, maana nje ndiko damu. Mwalimu alinipanga mwanzo wa mrija nikafurahi sana, kwa sababu nimesoma kwamba jeni ya pampu hiyo, yaani maagizo ya kuitengeneza, imo katika kila seli lakini haisomwi kwa nguvu sawa kila mahali, kuelekea mwisho wa mrija inasomwa kwa nguvu sana, ila mwanzoni kalsiamu nyingi hujipenyeza yenyewe katikati ya seli ikifuata maji, kwa hiyo kazi yangu ni kusimama kimya na kuacha nafasi, na kwa kweli sijawahi kupewa kazi inayonifaa zaidi.

Tatizo ni mama. Ameshawaalika shangazi zangu wawili na fundi cherehani jirani yetu, na aliposikia kwamba rafiki yangu tunayemwita Redio yuko kule mwisho wa mrija kwenye kelele, aliniuliza, "Yaani mtoto wa mwenzangu asikike, wangu asimame kama nguzo ya umeme? Kwani wewe jeni hiyo huna?"

Nikamjibu, "Ninayo, mama, ila haisomwi sana."

Akasema, "Basi nitakuja kuisoma mwenyewe," akaenda kwa mwalimu, wazazi wengine wakamfuata, na mwalimu kwa kuchoka ameamua kila seli ipige kelele sawasawa. Mimi nimekataa, sasa mama ananipakulia chakula huku akitazama ukuta, na kinachoniuma zaidi ni kwamba alisema ninajificha nyuma ya figo. Nisimamie ukweli au nipige kelele?

Seli Nyamavu

Mwanangu, pole. Nilimpigia simu shemeji yangu ambaye ni muuguzi, akacheka mpaka akakata, kisha akapiga tena kusema uko sahihi. Figo ambayo kila sehemu inagombania kazi ya mwenzake si figo, ni kikao cha ukoo. Usipige kelele.

Lakini mama yako naye hajakosea. Mwanzoni mwa mrija ndiko kalsiamu nyingi zaidi inakorudi kwenye damu, tena kimya kimya. Ulimwambia hilo? Hukumwambia. Ulimtupia "haisomwi sana" ukakimbilia kitabu. Na kama mwalimu angekuweka kwa Redio, ungepaza sauti, au ungeamka na homa? Usinijibu, nakujua.

Sasa sikiliza. Mwombe mwalimu akuruhusu uwaeleze wazazi, kabla chaki hazijaanza kusukumwa, kwa nini sehemu zote hazipigi kelele sawa. Leo fanya mazoezi jikoni mbele ya mama, umtazame yeye, si sufuria. Sauti ikitetemeka iache itetemeke, mradi shangazi aliye nyuma asikie. Ukimaliza, rudi mwanzoni mwa mrija, funga mdomo, ziache chaki zipite zake. Mama atakuwa anamnong'oneza fundi cherehani kwamba hiyo ndiyo sehemu yenye kazi kubwa.